Kipindi cha uraia, kikao cha darasa au siku ya utamaduni: shule ya msingi ianzie wapi?

Mtoto wa darasa la nne amepata alama zote kwenye jaribio la uraia. Ametaja haki tano za mtoto, ameeleza maana ya rangi za bendera, na kwenye swali la mwisho ameandika kwa mwandiko mzuri kwamba watu wote ni sawa. Kengele ya mapumziko inalia. Hajafika hata mlangoni, ameshaanza kumuiga mwenzake mgeni anavyotamka maneno, na wenzake wanaangua kicheko. Mwalimu yuko mezani, anamwekea vema kwenye lile swali la mwisho.

Nimekaa kwenye meza hiyo. Ndiyo maana mwalimu mwenzangu anaponiuliza njia ipi inafaa kufundishia uraia na kuthamini tamaduni, namrudisha kwanza uwanjani: njia hiyo unayoifikiria itabadilisha nini pale ambapo hakuna mtu mzima anayetazama? Kwa kipimo hicho nimelinganisha hapa njia ambazo shule huzijadili zinapopanga ratiba: kipindi maalumu cha uraia, kuchopeka uraia ndani ya masomo mengine, kikao cha darasa, baraza la wanafunzi la shule nzima, siku ya utamaduni, na kazi ya utamaduni inayoendelea mwaka mzima. Msimamo wangu nautoa mapema. Kama shule yako ina nafasi ya kitu kimoja tu, chukua kikao cha darasa. Njia nyingine zina thamani yake, ila hupata nguvu zikiegemea hapo.

Tunataka mtoto aweze nini?

Uraia na utamaduni vimefungwa pamoja tangu kwenye sheria za kimataifa. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unasema katika ibara ya 29 kwamba elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, kwa utamaduni, lugha na maadili yake mwenyewe, kwa maadili ya nchi anamoishi na ya nchi alikotoka, na kwa ustaarabu ulio tofauti na wake. Cha kwako na cha mwenzako vimetajwa kwa pumzi moja. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 yalirudia jambo hilo: shabaha ya 4.7 inataka ifikapo 2030 wanafunzi wote wawe wamepata maarifa na stadi zinazohusu, pamoja na mengine, haki za binadamu, usawa wa kijinsia, amani, uraia wa dunia na kuthamini utofauti wa tamaduni.

Tukiyashusha hayo hadi darasani, mtoto anatakiwa ajue mambo fulani, aweze kufanya mambo fulani, na awe na moyo wa namna fulani. Kujua ndiko kurahisi kupima, na ndiko kunakokula muda wote. Kuweza, kwa mfano kumsikiliza mtu usiyekubaliana naye hadi mwisho wa sentensi yake, hakupatikani kwa kunakili ubaoni. Moyo nao hujengwa na yale mtoto anayoyaona watu wazima wakiyatenda kila siku, wakiwemo walimu wake.

Kuna swali jingine ambalo shule nyingi hulipita bila kulijibu: tunamlea raia wa aina gani? Mwaka 2004 watafiti wawili, Joel Westheimer na Joseph Kahne, walitofautisha raia wa aina tatu kwa mfano ambao sijausahau. Wa kwanza anatoa chakula kikichangishwa kwa ajili ya wenye njaa. Wa pili anaandaa uchangishaji wenyewe. Wa tatu anauliza kwa nini watu wana njaa, kisha anatafuta la kufanya kuhusu chanzo chake. Mafunzo mengi ya uraia katika shule za msingi huishia kwa yule wa kwanza: okota taka, saidia wazee, usiseme uongo. Ni mema yote hayo. Lakini mtoto wa miaka tisa tayari anauliza kwa nini, na hulizoea jibu la "nyamaza" mapema kuliko tunavyodhani.

Kipindi maalumu au kuchopeka?

Kipindi maalumu kina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba kipo. Kimeandikwa kwenye ratiba, kina mwalimu, kina daftari, na mkaguzi akija anakiona. Tuseme ni dakika 40 kwa wiki katika mwaka wa wiki 36: hizo ni saa 24. Katika saa 24 unaweza kufundisha vizuri kabisa nani hutunga sheria, mahakama inafanya kazi gani, kodi inakwenda wapi, na kwa nini kura hupigwa kwa siri. Maarifa ya namna hii hayaokotwi uwanjani. Mtoto anaweza kuwa mpole na mwenye huruma bila kujua kwamba zipo taasisi ambazo kazi yake ni kumlinda.

Udhaifu wake unaingia na mtihani. Somo likishapata alama, watoto hugundua upesi ni maneno gani mwalimu anapenda kuyasoma, na huyaandika. Heshima inageuka kuwa jibu sahihi la swali la nne. Kisha kuna ujumbe mwingine unaopita kimyakimya: kwamba haki na usawa vina saa yake, Jumatano saa tano, na Jumatano saa sita tunaendelea na mambo mengine.

Kuchopeka kunaliponya tatizo hilo. Hisabati ni somo la uraia lisilojulikana. Wape watoto wa darasa la tano tatizo hili: uwanja ni mmoja, madarasa ni matatu, mapumziko ni dakika 30, darasa moja lina watoto 60 na mengine mawili yana 30 kila moja. Tugawe dakika kumi kwa kila darasa, au tugawe kwa idadi ya watoto, ili darasa kubwa lipate 15 na mengine saba na nusu? Hesabu zote mbili ni sahihi. Sasa wanalazimika kusema lipi ni haki na kwa nini, na hapo sehemu na uwiano vinapata uhai ambao mazoezi ya kitabu hayavipi. Sayansi ina maji na taka. Lugha ina hoja, barua ya maombi na namna ya kupinga bila kutukana. Historia ina swali la nani aliandika na nani hakuulizwa.

Tatizo la kuchopeka ni kwamba jambo la walimu wote huwa halina mwenyewe. Mwalimu wa sayansi anadhani mwalimu wa lugha amelifanya, mwalimu wa lugha yuko nyuma ya muhtasari na anakimbizana na mtihani, na mwisho wa muhula hakuna aliyelifanya. Nchi zenyewe hazijakubaliana. Nchini Uingereza, mtaala wa taifa wa England uliufanya uraia kuwa somo la lazima kwa shule za sekondari za serikali kuanzia 2002, lakini kwa shule za msingi ukabaki jambo linalopendekezwa tu. Ufaransa ilianzisha mwaka 2015 elimu ya maadili na uraia inayoanzia shule ya msingi, ikiwa na muda wake kwenye ratiba.

Kwangu uamuzi unafuata umri. Kwa madarasa ya chini, ambako mwalimu mmoja yuko na watoto wale wale karibu siku nzima, chopeka: mwalimu huyo ndiye anayeyashika masomo yote, hivyo hakuna wa kumsukumia mwenzake. Kwa madarasa ya juu, ambako kila somo lina mwalimu wake, kipindi maalumu kinahitajika, hata kikiwa kifupi. Na popote unapochopeka, andika. Mwanzoni mwa muhula kila mwalimu ataje kwenye azimio lake la kazi mada mbili ambamo suala la uraia litaingia, na wiki yake. Mbili zilizoandikwa zitafanyika; ishirini zilizokusudiwa moyoni hazitafanyika.

Kikao cha darasa au baraza la wanafunzi?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa mtoto anaacha kusikia habari za uraia na kuanza kuwa raia.

Kikao cha darasa ni jambo dogo. Mara moja kwa wiki, dakika 20, darasa zima linakaa kwa duara, au kwa namna yoyote inayowawezesha watoto kuonana nyuso. Wiki nzima kumekuwa na sanduku mezani ambamo mtu yeyote anaweza kutia karatasi yenye jambo la kujadiliwa. Mwenyekiti ni mtoto, na hubadilika kila wiki kwa zamu ili kiti kisiwe cha wasemaji hodari peke yao. Mtoto mwingine anaandika. Kila mtu ana haki ya kusema na haki ya kupisha zamu yake. Likifikiwa jambo, linaandikwa kwenye daftari la kikao, na kikao kijacho kinaanza kwa kulisoma: tuliamua hivi, je, tulifanya?

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo roho ya kikao. Uamuzi usiorudiwa huwafundisha watoto kwamba kusema hakuna maana.

Baraza la wanafunzi linaonekana kubwa zaidi na linapendeza kwenye picha: uchaguzi, kampeni, masanduku ya kura, wawakilishi wa kila darasa. Linafundisha uwakilishi, jambo ambalo kikao cha darasa hakiwezi kulifundisha vizuri, na linaweza kushughulikia mambo ya shule nzima kama vyoo, maktaba au zamu za uwanja. Lakini hesabu watoto. Katika shule ya wanafunzi 600 yenye baraza la watu 20, watoto 580 uraia wao ni kupiga kura mara moja kwa mwaka. Na wale 20 mara nyingi ni wale wale: wenye sauti, wenye alama, wanaoipenda shule na kupendwa nayo. Pia tusilichanganye baraza na viranja. Kiranja huwapelekea wenzake agizo la mwalimu, mwakilishi humpelekea mwalimu neno la wenzake. Mtoto mmoja akipewa kazi zote mbili, ya kwanza huimeza ya pili.

Roger Hart, katika kazi aliyoiandikia UNICEF mwaka 1992, alichora ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato vinane, na akasema vidato vitatu vya chini si ushiriki hata kidogo. Humo aliweka watoto wanaotumiwa kubeba ujumbe wasiouelewa, watoto wanaowekwa kama mapambo, na watoto wanaopewa kiti bila kupewa neno. Nikiitumia ngazi hiyo kupimia, mabaraza mengi niliyoyaona yalikaa chini kabisa, kwa sababu wajumbe walisomewa maamuzi yaliyokwisha kufanywa na watu wazima. Kikao cha darasa nacho kinaweza kuanguka huko huko, ila ni vigumu zaidi, maana mambo yake ni madogo na mwalimu wa darasa ana mamlaka ya kuyatekeleza siku ileile: nani anakaa wapi, mpira unagawanywaje, tufanye nini kuhusu kelele za kundi la nyuma, tumkaribisheje mgeni anayekuja Jumatatu.

Atakayesema watoto hawawezi kujiendesha hivyo, amkumbuke Janusz Korczak. Daktari huyu wa Poland aliongoza kuanzia 1912 kituo cha mayatima huko Warsaw ambamo watoto walikuwa na bunge lao, gazeti lao na mahakama yao. Kanuni za mahakama ile zilianza na kusamehe: vifungu vingi vya mwanzo vilikuwa vya msamaha, na adhabu kali ilikuwa nadra. Watu wazima wa kituo nao waliweza kushtakiwa, na Korczak mwenyewe alisimama mbele ya watoto hao zaidi ya mara moja. Agosti 1942 alipelekwa Treblinka, kambi ya mauaji ya Wanazi, pamoja na watoto wake na wote wakauawa. Alipewa nafasi za kujiokoa na akakataa kuwaacha. Nasimulia habari hii kwa uzito wake, kwa sababu mtu aliyewaheshimu watoto kiasi cha kukubali kuhukumiwa nao ndiye aliyebaki nao hadi mwisho.

Kwa mfano ulio hai leo, tazama Japani. Katika shule za msingi za huko, mikutano ya darasa, zamu za uongozi mdogo na usafi wa darasa unaofanywa na watoto wenyewe vimo ndani ya mtaala rasmi, katika eneo linaloitwa shughuli maalumu, likiwa na saa zake za mwaka. Hawakuliacha kwenye hiari ya mwalimu mwenye moyo.

Kikao kina gharama zake. Mwalimu anaachia sehemu ya madaraka yake, na watoto wanajua mara moja kama ameyaachia kweli. Vikao vitatu au vinne vya mwanzo huwa vya malalamiko matupu; usikate tamaa hapo. Darasa la watoto 70 halikai duara moja: ligawe makundi ya watoto saba au wanane, kila kundi lijadili kwa dakika nane, kisha msemaji alete neno lao. Weka sheria kwamba tunataja jambo, hatutaji mtu, la sivyo duara litageuka kuwa kizimba cha mtoto mmoja. Na yapo mambo yasiyopita kwenye duara kamwe: kupigwa, kuguswa vibaya, njaa ya nyumbani, ugomvi wa wazazi. Hayo yanakwenda kwa mwalimu faraghani na kwa wenye wajibu wa kumlinda mtoto, na watoto waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Utafiti mkubwa wa kimataifa wa elimu ya uraia uliofanywa mwaka 2009 katika nchi 38, kwa wanafunzi wa darasa la nane, ulionyesha kwamba wanafunzi waliosema darasani mwao wana uhuru wa kujadili walielekea pia kuwa na maarifa zaidi ya uraia. Hao walikuwa na umri wa miaka 14 hivi, si watoto wa darasa la tatu, na mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Hata hivyo unaondoa ile hofu ya kawaida kwamba dakika za majadiliano zinaibiwa kutoka kwenye kujifunza.

Siku ya utamaduni au mwaka mzima?

Siku ya utamaduni nimeipenda na imeniudhi kwa wakati mmoja. Uzuri wake nauona usoni mwa mzazi ambaye kwa kawaida huja shuleni kuitwa kwa makosa, na leo amekuja kuimba. Mtoto wake anamwona akipigiwa makofi na mwalimu mkuu. Jambo hilo halipimiki.

Maudhi yanakuja baadaye. Mtoto anaambiwa avae "utamaduni wake", na wa wazazi wa asili mbili hajui avae upi. Aliyekosa vazi anajificha. Kila kundi linapewa meza, ngoma na dakika tano, na wageni wanapita wakionja na kupiga picha kama watu waliokwenda makumbusho. Kesho yake meza zimeondolewa na utani wa lafudhi umerudi. Louise Derman-Sparks, mwalimu wa malezi ya watoto wadogo wa Marekani, aliupa mtindo huu jina mwaka 1989: mtaala wa kitalii. Unamtembelea mwenzako, unastaajabu, unarudi kwenu ukiwa vilevile.

James Banks, aliyetumia maisha yake kuandika juu ya elimu ya tamaduni nyingi, aliweka njia za shule katika viwango vinne. Kwanza ni mashujaa na sikukuu. Pili ni kuongeza mada juu ya mtaala uliopo bila kuugusa. Tatu ni kuubadili mtazamo wenyewe, ili tukio moja litazamwe kwa macho ya watu mbalimbali. Nne ni watoto kuamua jambo na kulitendea kazi. Siku ya utamaduni, hata ikiandaliwa vizuri namna gani, inakaa kwenye kiwango cha kwanza. Shule nyingi huishia hapo zikiamini zimefika.

Kazi ya mwaka mzima ina sura nyingine. Unachagua jambo moja ambalo kila familia duniani inalo, na unalipa wiki tatu au nne: nyimbo za kubembeleza watoto, michezo ya utotoni, namna za kusalimiana, maana ya majina, namna za kuhesabu siku na majira. Mtoto anakwenda nyumbani na swali moja tu. Bibi, ulikuwa unaimbiwa nini ukilia? Anarudi na jibu, na jibu linaandikwa. Watoto wanaanza kuona wenyewe kinachofanana na kinachotofautiana. Kuna nyimbo za kubembeleza zenye vitisho. Kuna za mama kulalamikia uchovu wake. Zote zina mwendo uleule wa mkono unaopapasa mgongo. Hapo hakuna anayewakilisha kabila wala taifa. Kila mmoja anaisemea nyumba yake, na mtoto wa wazazi wa asili mbili ana nyimbo mbili badala ya tatizo. Kwa mada ya majina uwe mwangalifu: mtoto asiye na wa kumuuliza aruhusiwe kuuliza jirani au kuchagua jina analolipenda.

Lugha ni kipimo kikali zaidi. Shule inaweza kuchezesha ngoma kumi na bado ikamwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya mama yake, na mtoto ataamini adhabu kuliko ngoma. Ukitaka kujua kama shule yako inathamini tamaduni, sikiliza walimu wanasema nini mtoto anapokosea lugha ya kufundishia. Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, tarehe 21 Februari, ni mahali pa kuanzia: kuhesabu hadi kumi, asante, karibu na samahani katika kila lugha iliyomo darasani, maneno yabandikwe ukutani na yabaki hapo mwaka mzima.

Kwenye vitabu nina neno moja tu. Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa vitabu vya watoto wa Marekani, aliandika kwamba kitabu kinaweza kuwa kioo cha kujiona au dirisha la kuwaona wengine. Pitia rafu yako kwa macho hayo. Kuna watoto ambao hawajawahi kupata kioo, na kuna ambao hawajawahi kufunguliwa dirisha, na wote wanadhulumiwa.

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo kila shule inastahili kuwa na jibu lake: je, kuthamini tamaduni ni kukubali kila kinachofanywa kwa jina la mila? Hapana. Mkataba uleule unaotaka mtoto aheshimu utamaduni wake unataka pia, katika ibara ya 24, nchi ziondoe desturi zinazodhuru afya ya watoto. Watoto wanaweza kulielewa hilo mapema tukilisema kwa upole: tamaduni zote zina mambo ya kutunza na mambo ya kuyaacha, ikiwemo yetu. Kosa kubwa ni kuzungumzia madhara ya mila za wengine tu.

Kukaa dawati moja hakutoshi

Shule zenye watoto wa asili nyingi hujipa moyo kwamba mchanganyiko wenyewe utafundisha. Mwanasaikolojia Gordon Allport alionya mwaka 1954 kwamba kukutana kunapunguza chuki pale tu masharti fulani yanapokuwepo: watu wawe na hadhi sawa mahali pale, wawe na lengo moja, walifikie kwa kushirikiana, na wakubwa wao waunge mkono. Yakikosekana hayo, kukutana kunaweza hata kuzidisha chuki.

Mbinu inayoyatimiza masharti hayo bila gharama yoyote ilizaliwa Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipokuwa zimetoka tu kuondoa utengano wa rangi na madarasa yakawa na uhasama. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waliligawa somo vipande, kila mtoto katika kundi akapewa kipande kimoja ambacho wenzake hawana. Ili kundi lijue somo zima, kila mmoja lazima asikilizwe, akiwemo yule ambaye jana alichekwa. Kama yule mtoto mgeni wa mwanzo wa makala haya angekuwa ndiye mwenye kipande cha tatu cha somo la mto, lafudhi yake ingekuwa sauti wanayoihitaji.

Kama ni wewe unayechagua

Mwalimu uliye peke yako, shule yako haina mpango wowote na darasa ni kubwa: anza na kikao kwa makundi na mbinu ya vipande. Vyote viwili havihitaji kibali, bajeti wala kitabu kipya. Nyimbo au michezo ya nyumbani ziongeze muhula wa pili.

Mwalimu mkuu mwenye ratiba mkononi: wape walimu wote dakika 20 za kikao siku ileile na saa ileile, shule nzima, ili asiwepo wa kusema hakupata nafasi. Kipindi maalumu kiwe cha madarasa mawili au matatu ya juu. Baraza liundwe mwaka wa pili, vikao vikishazoeleka, na wajumbe wabebe mambo kutoka kwenye madaftari ya vikao. Baraza lililotangulia vikao huwa halina la kubeba.

Shule ambayo watoto wote wanaonekana kuwa wa asili moja isijione imesamehewa somo la tamaduni. Ianze na tofauti zilizomo tayari: dini, hali ya kipato, ulemavu, familia za bibi na wajukuu, mtoto aliyetoka mji mwingine. Kisha ifungue madirisha kwa vitabu na barua na shule ya mbali.

Na kama siku ya utamaduni imeshatangazwa na wazazi wameshaambiwa, usiifute. Isogeze mwisho wa mwaka, iwe siku ya kuonyesha kazi iliyofanyika miezi yote: nyimbo zilizokusanywa, michezo iliyofundishwa na mababu, daftari la vikao likiwa wazi mezani wazazi walisome.

Kuhusu tathmini, mtihani upime maarifa tu. Mengine yaangalie kwa macho na kalamu: mara moja kwa mwezi simama dakika kumi pembeni ya uwanja na uandike nani anacheza na nani, nani yuko peke yake, na mtoto anapoonewa wangapi wanasema kitu. Linganisha ukurasa wa mwezi wa kwanza na wa sita.

Kwa kikao cha kwanza kabisa usisubiri sanduku lijae. Leta wewe swali moja, liandike ubaoni asubuhi ili walifikirie siku nzima: "Ungekuwa mgeni katika darasa hili leo, ungetaka nani akufanyie nini?" Kisha kaa chini, kwenye kiti cha kimo kama chao, na umwachie mwenyekiti atoe nafasi ya kwanza ya kusema.